Katsuva Akimbia Serum

Daktari Joëlle alilitamka neno "mwepesi" kwa nia njema, kando ya kitanda cha Katsuva. Muuza vitenge huyo wa soko la Bunia alikuwa ameletwa hospitalini akitetemeka kwa homa, macho ya manjano, maumivu yakimkata chini ya mbavu za kuume.

"Kijiwe kimeziba mufereji ya nyongo, microbe zikaingia," daktari alieleza. "Lakini ugonjwa ingali mwepesi. Tunakupa antibiotique mu serum, iingie kwa mushipa, usikule kwanza, tukuchunge. Homa ikikataa kushuka, tutakutuma hospitali kubwa kwenye watazibua ule mufereji."

Kaswera, mkewe, alisikia yote. Katsuva alisikia "mwepesi" tu.

Kesho yake homa ilipungua. Kaswera akaenda bombani kufua, na aliporudi alikuta kitanda kitupu, mpira wa serum ukidondoka sakafuni. Hakuuliza mtu. Alipanda pikipiki hadi sokoni, akamkuta mumewe amevaa koti kuficha sindano iliyobaki mkononi, akimkunjulia mteja kitenge. Pembeni, sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyojaa mafuta, ilikuwa imeliwa nusu.

"Baba Bénédicte, unafanya nini hapa?"

"Docteur mwenyewe alisema iko mwepesi. Niko napona."

"Alisema pia usikule."

"Nilionja tu."

Huyu ndiye mtu ambaye kila malaria humeza nusu ya dawa, nusu akaiwekea malaria ijayo. Kaswera alianza kukusanya vitenge bila kumtazama. Kabla hajamaliza, Katsuva alichuchumaa, meno yakigongana, akatapika.

Walirudi kwa pikipiki, yeye katikati, mzito kama gunia, Kaswera nyuma akimkumbatia asianguke na kumsema njia nzima.

Daktari hakufoka. Alibadilisha dawa, akarudisha serum. Kaswera naye akachukua suruali na viatu vya mumewe, akavipeleka nyumbani.

"Sasa nitatembea namna gani?" Katsuva alinung'unika.

"Hautatembea."

Safari hii homa ilishuka, ikabaki chini. Njano ikaanza kumtoka machoni. Daktari Joëlle akasema mfuko wa nyongo wenye vijiwe lazima utolewe, la sivyo shida itarudi.

"Tungoje kwanza sikukuu zipite," Katsuva alianza, "watu wananunua sana..."

"Atakuja," Kaswera alimwambia daktari. "Tarehe ya rendez-vous unipe mie."

Katsuva akamwona mkewe anavyomtazama, akajivutia shuka hadi kidevuni.

Kaswera akatoka nje hadi barazani, akakaa chini. Ndipo machozi yalipomtoka, ya hasira na ya uchovu, na hakujisumbua kuyafuta.