Kichwa cha Mama Anita

Veronicah alizirai siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye ofisi ya bima anakofanya kazi katikati ya jiji, ghorofa ya sita. Wenzake walipomwinua, jambo la kwanza alilofanya, kabla hata hajajua yuko wapi, ni kushika kichwa. Si kwamba kilimuuma. Alitaka kujua kama nywele ziko mahali pake.

Zilikuwepo. Zilikuwa nywele ndefu nyeusi za kushonea, zilizomshukia mabegani, na Cate, msusi wake wa miaka tisa, alikuwa amezishona wiki kumi na moja zilizopita. Kilichokuwa chini yake hakuna aliyewahi kukiona ila Cate huyo. Hata mumewe, ambaye kazi za barabara zilimweka Turkana miezi miwili miwili, aliijua zaidi kofia ya kulalia kuliko kichwa cha mkewe.

Daktari hakutaka mchezo. Alimkataza kuendesha gari na kumwandikia kipimo cha ubongo katika hospitali moja ya Parklands. Alimpa na karatasi ya maagizo. Karatasi ilisema wazi: uje nywele zikiwa zimeoshwa, bila mafuta, bila rasta, bila nywele za kushonea. Veronicah aliisoma mara mbili jikoni kwake, kule Kileleshwa, akaikunja akaiacha mezani. Alijiambia kwamba maagizo kama hayo huandikiwa watu wengine. Mtu akienda amevaa vizuri, akaongea vizuri, watampitisha tu.

Kwa kuwa daktari alisema asitembee peke yake, alimchukua Syokau. Syokau alikuwa msichana wa kazi, umri miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mwingi, na kwa miaka miwili ndiye aliyekuwa akimtayarisha Anita, binti wa Veronicah, kwenda shule, akipika, akifua. Hakuwa msemaji. Na kichwani hakukosa kitambaa.

Kijana aliyefanya kipimo aliitwa Muchiri. Alimkalisha Veronicah kwenye kiti, akazitenga nywele kwa kidole kimoja, akasimama.

"Madam, si ulipewa karatasi?"

"Karatasi gani?" akauliza Veronicah.

Syokau alikuwa amesimama mlangoni. Ni yeye aliyeiondoa karatasi ile kwenye meza ya jikoni asubuhi hiyo alipokuwa akipanguza, akamkabidhi mwajiri wake mkononi. Akageuka akautazama ukuta. Veronicah alimwona akigeuka, na masikio yakamchoma.

"Hizi nyaya lazima ziguse ngozi," Muchiri alisema kwa upole. "Hapa nikibandika, nitakuwa napima huu wavu ulioshonewa nywele. Nafasi ingine ni mwezi ujao. Ama mzitoe sasa hivi, mwoshe kichwa vizuri, mimi niwangojee mpaka saa nane."

Mwezi mzima bila gari, bila kujua kama kuna kitu kinakua kichwani. Veronicah akampigia Cate simu. Cate alikuwa Nyeri, matangani. Kulikuwa na saluni ng'ambo ya barabara, lakini alipofikiria wanawake asiowajua wakiinama juu ya kichwa chake, na wengine kwenye viti wakimtazama kupitia kioo, miguu ilikataa.

"Mimi naweza, Mama Anita," Syokau alisema. "Nyumbani nilikuwa nasuka watu."

Muuguzi mmoja aliwaonyesha chumba kidogo cha kina mama kunyonyeshea, kilichokuwa na sinki na viti viwili. Syokau alitoka akarudi na wembe, chanuo la meno mapana na chupa ya shampuu. Akamfunika mabega kwa leso yake mwenyewe, akaanza kukata uzi.

Mistari ya kwanza ilipoachia, harufu ilitoka. Wiki kumi na moja za jasho, mafuta na mba, zikiwa zimefungiwa chini ya wavu. Veronicah mwenyewe aliisikia, na alijua kwamba ikiwa yeye ameisikia, aliyesimama juu yake ameisikia mara mbili. Alitamani Syokau aseme neno, hata la kuudhi. Syokau akanyoosha mkono, akafungua dirisha kidogo, akaendelea.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja na mtoto mchanga. Aliwatazama, akatazama rundo la nywele sakafuni, akakunja pua bila kukusudia, kisha akahamisha kiti chake hadi dirishani na kuwapa mgongo. Veronicah aliinamisha kichwa. Hapakuwa na pa kukificha.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wavu ulipotoka, yaliyofichwa yakawa wazi. Juu ya paji la uso nywele zilikuwa zimekwisha, ngozi inang'aa kama ya mtoto. Utosini palikuwa na mabaka mawili matupu, moja pana kama kifuniko cha chupa ya maziwa. Palipobaki nywele, zilikuwa fupi na zimechoka, nusu za asili, nusu zilizochomwa na dawa. Alianza kutiwa dawa ya kulainisha nywele akiwa kidato cha kwanza, na hakuwahi kupumzika. Kila upara ulipojitokeza, alishona juu yake.

Vidole vya Syokau vilipunguza mwendo. Vikafumua mistari polepole, kimoja kimeshika shina ili kingine kisivute. Cate hakuwahi kumshika hivyo. Na ni vidole hivyo vilivyomkumbusha Veronicah jambo ambalo kwa miaka miwili alikuwa amelipitia mbali.

Siku Syokau alipofika kuandikwa kazi, alikuja na nywele zake. Zilikuwa nyingi, nene, nyeusi tititi, zimefungwa kwa uzi na kusimama kama taji. Anita alikimbia kuzigusa. "Mama, ni zake! Zote ni zake!" Walikuwa kwenye lifti, ndani ya lifti kuna kioo, na Veronicah akajiona ndani yake, yeye na nywele zake za kununua, kando ya msichana mwenye begi la karatasi. Walipoingia nyumbani tu alisema, "Hizo nywele zitaingia kwenye chakula. Kuna kinyozi hapo chini. Nenda unyolewe, alafu utakuwa unafunga kitambaa." Syokau alisimama kidogo, kisha akaenda. Alirudi na kichwa kidogo, kipara, na macho yake yalionekana makubwa. Tangu siku ile, kila mwisho wa mwezi alishuka kwa kinyozi bila kukumbushwa.

"Usimwambie mtu," Veronicah alinong'ona sasa, kwenye chumba kile. Alitaka kusema asante. Hilo ndilo lililotoka.

"Nimwambie nani?" Syokau akajibu. Alikata uzi mwingine. "Hata zangu sikumwambia mtu. Nilipoenda nyumbani Krismasi, mama aliniuliza kwa nini nimenyolewa kama mfungwa. Nikamwambia ni mimi mwenyewe nimependa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Yule mama wa dirishani alimbadilisha mtoto titi, na Veronicah akaitazama leso iliyokuwa mabegani pake.

Alioshwa kichwa kwenye sinki, akapimwa. Wiki iliyofuata majibu yakaja: ubongo hauna neno. Ni damu iliyopungua. Daktari alimwandikia vidonge vya madini ya chuma, akamwambia huenda hata nywele zitapata nguvu, ila ziachwe zipumue. Veronicah aliomba mkasi kwa jirani, akakata ncha zote zilizokuwa na dawa. Alibaki na nywele zisizozidi upana wa kidole kimoja, na mabaka yake.

Anita alipomwona alicheka kwanza. Kisha akauliza, "Mama, zako zilienda wapi?" Veronicah akamwambia ale chakula.

Jioni hiyo alimfuata Syokau jikoni. "Unaweza kuziacha zikue sasa," alisema. "Zako. Nimekuruhusu."

"Asante, Mama Anita," Syokau alisema, kwa sauti ile ile aliyoitumia akipewa nguo kuukuu. Veronicah alibaki amesimama kando ya friji, akilisikia neno lake mwenyewe likimrudia. Nimekuruhusu. Kana kwamba nywele za Syokau zilikuwa zake yeye.

Kazini mambo yalikuwa mabaya zaidi, na ni yeye aliyeyaharibu. Jumatatu aliingia na kilemba. Maureen wa dawati la pili alimkumbatia, kilemba kikateleza, akaona. "Mungu wangu, Vero! Wamekunyoa?"

Angeweza kusema chochote. Alisema, "Ni madaktari."

"Walikupasua?"

Veronicah hakusema ndiyo. Alitazama chini tu, na kwa Maureen hilo lilitosha. Kufikia saa sita ofisi nzima ilijua kwamba Vero amepasuliwa kichwa. Waliongea naye kwa sauti ya chini. Kiilu wa mapokezi, mzee aliyekaribia kustaafu, alimbebea mkoba hadi kwenye lifti. Kila huruma waliyomwonyesha aliila kama chakula cha wizi.

Jumamosi, Anita akichora mezani, Syokau alipasha maji moto ili amwoshe kichwa mwajiri wake. Veronicah ndiye aliyeomba, maana hakujua. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakujua namna ya kuosha nywele zilizoota kichwani mwake. Syokau alimwonyesha: maji kwanza, halafu kidogo cha shampuu, usisugue kama sufuria; chana zikiwa bado na maji, anzia kwenye ncha; mafuta baadaye, si mengi.

"Syokau," Veronicah alisema akiwa ameinama juu ya beseni. Ilikuwa rahisi kusema bila kuonana uso kwa uso. "Nywele zako hazingeingia kwenye chakula."

Maji yaliendelea kumwagika.

"Niliona wivu. Niliziona kwenye lifti nikaona wivu, nikakutuma ukanyolewe. Nimekosea. Nimekuwa nikikosea kila mwisho wa mwezi."

Penseli ya Anita ilinyamaza mezani. Alikuwa anasikia, na Veronicah alijua kwamba anasikia, na hilo lilikuwa zito kuliko yote.

"Nilijua," Syokau alisema. "Hata yule kinyozi alijua. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika."

"Na bado ukabaki kwangu?"

"Ningeenda wapi? Mama alikuwa ananingoja nimtumie kitu." Aliweka kikombe cha maji chini. "Nimesikia, Mama Anita."

Veronicah alingoja neno jingine, lile la msamaha ambalo watu husema baada ya hapo. Halikuja. Syokau alimgusa kichogo. "Inama zaidi, povu litaingia machoni."

Jumatano iliyofuata palikuwa na ibada ya saa ya chakula, wafanyakazi kama ishirini katika chumba cha mikutano. Maureen aliimba, akaomba, kisha akasema kwa furaha kwamba dada yetu Vero ametolewa mikononi mwa kisu cha daktari, na aje mbele atoe ushuhuda. Watu wakapiga makofi. Veronicah alitembea mbele. Angeweza kusema Bwana asifiwe akaketi. Alikifungua kinywa kwa nia hiyo hiyo.

"Sikupasuliwa," alisema.

Makofi yakafa.

"Nilikuwa na damu kidogo, natumia vidonge. Kichwa hakuna aliyekigusa. Nilikuwa na nywele za kushonea, na karatasi ilisema nizitoe, sikuzitoa. Zikatolewa hospitalini na msichana anayenisaidia nyumbani. Chini yake ndiyo hii." Akavua kilemba. Kilemba kikaanguka, hakukiokota. "Nimeharibu mwenyewe, na dawa na kushona. Maureen aliniuliza nikamwacha aamini uongo. Samahani."

Kuna aliyecheka, akajifanya anakohoa. Kiilu alitazama viatu vyake. Maureen uso ulimjaa damu. Alikuwa amefunga siku mbili kwa ajili ya operesheni ambayo haikuwepo. "Basi tuombe," alisema kwa ukali, akafumba macho kabla ya wengine.

Veronicah hakurudi dawatini moja kwa moja. Alitoka akaketi kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya sita na ya tano, ambako watu hawapiti kwa sababu ya lifti. Kichwa kilipata baridi. Alikipapasa, akagusa baka lile kubwa, na ukingoni mwake akahisi vinywele vilivyokwaruza kidole kama brashi mpya. Hakujua kama vilikuwa vipya au kama hakuwahi kupagusa.

Hatua zikashuka nyuma yake. Alikuwa Stellah wa idara ya malipo, mwanamke nadhifu ambaye nywele zake za mawimbi zilisifiwa na ofisi nzima. Alibaki amesimama, akishika kishikio cha ngazi.

"Vero, nikuulize kitu. Zilikuwa zinanuka?"

"Zilinuka."

Stellah alitazama juu, akatazama chini, kuhakikisha hakuna mtu. Akajikuna juu ya sikio kwa ncha ya kalamu, taratibu, mahali palepale Veronicah alipokuwa akijikuna mwaka mzima.

"Huyo msichana wako aliyekutolea. Anaweza kuja kwangu? Hapo Satellite tu. Nitamlipa."

"Anaitwa Syokau," Veronicah alisema. "Sitakujibia. Nitamuuliza kama anataka."