Hamdani Bado Yuko Stesheni

Usiku wa jana niliota, na ndoto yenyewe ilinikuta nimetoka kujisifu. Nilikuwa nimemwambia Mwanamvua, mwenzangu wa chumba, kwamba tangu nijue kusoma hakuna kitabu nilichokianza nisikimalize. "Mimi kitabu nikikishika," nilisema, "kinaomba poo chenyewe."

Mwanamvua alikuwa anapaka mafuta miguuni. Aliniuliza kama hata kile cha Hamdani nimekimaliza, maana asubuhi zamu inahamia kwake. Nikamwambia nimekimaliza zamani, na mwisho wake mtamu hadi jino linauma. Kisha nikazima taa na kulala usingizi wa mtu mwenye haki zake.

Nieleze kidogo. Mimi na Mwanamvua na wasichana wengine wawili wa kazini tunachanga tunanunua vitabu vya mapenzi. Si mapenzi yoyote yale. Tunataka wanawake wawili waliopendana, au wanaume wawili, na zama hatubagui: vya majini na falme, vya enzi za mkoloni, vya leo vyenye simu na foleni ya benki. Kila kitabu tunakivalisha jalada la kitabu cha ufugaji wa kuku. Mama mwenye nyumba anatuheshimu sana. Wiki iliyopita alinisimamisha uani akaniuliza dawa ya kuku wenye kideri, nami nikamshauri awe na subira.

Hamdani ni karani wa simu za waya katika stesheni ya Tabora, enzi za Mwingereza. Anampenda Feruzi, fundi cherehani anayeshona sare za watu wa reli. Kitabu kilikuja kipya, zamu ya kwanza ikawa yangu, nikakisoma huku nacheka peke yangu hadi pale Feruzi anapopanda treni ya Kigoma na Hamdani kabaki jukwaani hajasema alilokuja kusema. Hapo nikakifunga.

Basi naota.

Kitanda kinakohoa. "Siwema," kinasema, "shuka au shikilia."

"Wewe ni kitanda changu?"

"Mimi si chako. Mimi ni kile kitanda kimoja."

Nakijua. Msomaji yeyote wa vitabu vyetu anakijua. Wasafiri wawili wasiopatana wanafika nyumba ya wageni wameloa mvua, mwenye nyumba anawaambia vyumba vimejaa, kimebaki kimoja tu, nacho kina kitanda kimoja.

"Vyote hivyo ni wewe?" nauliza.

"Vyote. Kwenye ufalme wa majini, mimi. Hoteli ya Arusha, mimi. Kila siku nalaliwa na watu wawili wanaojifanya hawataki kugusana. Unajua chaga zangu zina hali gani?"

Nakipa pole. Kinasema pole hainyooshi chaga, kisha kinatoka mlangoni kwa miguu yake minne, mimi nikiwa juu.

Uani, kuku wa mama mwenye nyumba wamekaa mstari wanasoma vitabu vyetu. Jogoo mmoja anainua kichwa. "Kideri hakitajwi humu hata mara moja," ananiambia kwa masikitiko. Namwambia awe na subira.

Mlango wa uani siku zote unatokea kwa muuza mkaa. Leo unatokea kwenye chumba cha kusubiria abiria. Kuna mabenchi ya mbao, saa isiyo na mishale, na watu watatu ambao wakiniona wote wanasimama, isipokuwa wa kwanza, ambaye tayari amesimama kwa mguu mmoja.

Huyo ni zimwi wa kike, mwenye pembe moja na kanga safi. Nilimwacha akivuka mto kumfuata binti mfalme wake, na mguu wa pili bado haujatua. Wa pili ni daktari wa meno, koti jeupe, mkono ameuinua kugonga mlango wa fundi pikipiki waliyegombana naye. Mlango wenyewe amekuja nao.

"Bega linaniuma tangu Ramadhani," ananiambia. "Namsikia ndani anaosha vyombo. Sahani zimekwisha, sasa anaosha zilizo safi."

Wa tatu ni Hamdani. Kaptura imepigwa pasi, tarbushi iko mkononi. Namwamkia shikamoo kwa sababu ni mtu wa zamani.

"Marahaba," anajibu, "ingawa nina miaka ishirini na sita."

Nyuma yake dirishani kuna treni inaondoka. Inaondoka tu, haifiki. Abiria wamekwisha kula mkate wote wa safari na sasa wanacheza karata. Kwenye behewa la daraja la tatu namwona Feruzi, kofia ya kushonwa kwa mkono, ameegemea dirisha, hachezi.

"Karibu, mshenga," anasema zimwi.

"Mimi si mshenga. Mimi ni msomaji."

"Kwetu ni kazi moja. Wawili wanataka kusogeleana, hawawezi wenyewe, anatafutwa mtu wa kupeleka maneno huku na kurudisha kule. Wewe ulipoanza kutufungua, uliikubali kazi."

"Sijapokea chochote."

"Feruzi alipompima Hamdani kiuno mara ya tatu, kwa sare iliyokwisha shonwa siku nyingi, hukucheka hadi ukapaliwa na chai?"

"Nilicheka."

"Huo ndio ujira wa mshenga. Umeshaula."

Kitanda kinaguna kukubali. Sipendi kusutwa na samani, kwa hiyo najitetea. Nawaambia wasihofu, asubuhi kitabu kinakwenda kwa Mwanamvua, naye ana moyo mgumu, anaweza kumwangalia kuku anayemjua kwa jina akichinjwa. Atamfikisha Hamdani mwisho.

"Atamfikisha Hamdani wake," anasema Hamdani. "Kila msomaji ana wake. Mimi ni wako. Ukikitoa kitabu mkononi kabla hujanifikisha, Hamdani wa Mwanamvua atapata lake, zuri au baya. Mimi nitabaki hapa, na tarbushi hivi, na treni hivi."

Anasema bila kulalamika, kama mtu anayesoma ratiba ukutani. Nasema basi, nimesikia, tatizo langu ni jingine.

"Lipi?" anauliza daktari. Mlango unaelekea kumwelemea, namsaidia kuushika.

"Hadithi nilizozikuta nikiwa mdogo," nasema, "watu kama ninyi mlikuwa mkiwekwa wa kufa. Mnapendana vizuri, mnatengeneza chai, mnataniana, halafu ukurasa wa mwisho mmoja anashikwa na homa. Au anasombwa na maji. Mmoja aligongwa na ng'ombe. Nikajifunza kufunga kitabu mkiwa bado mnacheka. Nikifunga, hakuna anayekufa."

Kwenye treni wanaocheza karata wanaziweka chini.

"Kwa hiyo umetuhifadhi," anasema Hamdani.

"Nimewahifadhi."

"Kama samaki wa chumvi."

"Kama samaki wa chumvi," nakiri.

"Samaki wa chumvi naye keshakufa, dada yangu."

Kwa kawaida majibu ninayo mengi, hata darasani nilikuwa natolewa nje kwa sababu yake. Leo nauliza tu kitabu kiko wapi. Kitanda kinasema kiko chini ya mto, nilipokificha.

"Soma kwa mdomo," anasema zimwi. "Mshenga hapeleki ujumbe kwa macho."

"Na usiruke," anasema daktari. "Wewe unaruka. Ukiruka, sisi huku tunasikia upepo."

Nafungua. Nasoma kwamba treni ikapiga honi, na treni inapiga honi. Nasoma kwamba ikaanza kwenda, na dirishani inakwenda kweli, behewa baada ya behewa, hadi kofia ya Feruzi inakuwa kijidoa. Jukwaa linabaki tupu. Nasoma kwamba Hamdani akarudi ofisini, akakaa kwenye mashine yake, na Hamdani anatuacha anakwenda kukaa, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Tuko naye ofisini sasa, sote, pamoja na kitanda. Anapokea simu za watu. Mtoto amezaliwa Kilosa. Shehena ya karanga imekwama. Mjomba wa mtu fulani amepona. Anapokea salamu za dunia nzima isipokuwa za mtu mmoja, na kila mlio wa mashine unamfanya anyooshe mgongo, kisha mgongo unalegea.

Naanza kukifunga kitabu. Zimwi anaweka ukucha katikati ya kurasa.

"Ukinibana kidole nitakumeza," anasema kwa adabu.

Naendelea. Sauti yangu imekuwa nyembamba, nadhani kwa sababu ya vumbi la reli. Nasoma ukurasa wa Hamdani kukunja kitanda chake, na ukurasa wa Hamdani kupita mbele ya duka la Feruzi lililofungwa, na pale anapoinama kuokota kipande cha uzi mweusi mlangoni na kukitia kifukoni kwa aibu ingawa hakuna anayemwona. Mimi namwona. Yeye anajua namwona, ananigeuzia uso.

Halafu mashine inalia. Simu inatoka stesheni ya Usoke. Hamdani anaiandika neno kwa neno, na mimi nasoma neno kwa neno: *Nimesahau mkasi. Narudi kwa miguu. Fundi.*

"Alikuwa na mkasi?" anauliza daktari.

"Tunyamaze," anasema zimwi.

Hamdani anachukua ufunguo wa duka alioachiwa na Feruzi, anaingia, anautafuta mkasi wa watu. Anafunua vitambaa. Anapekua chini ya cherehani, kwenye kopo la vifungo, ndani ya mikono ya makoti ambayo hayajaisha kushonwa. Haupo. Sasa anahangaika kweli, maana mtu anatembea njia yote hiyo kwa ajili ya mkasi, atamwambia nini? Nasoma haraka. Siruki, nasoma haraka tu.

Feruzi anafika na vumbi limempanda hadi magotini. Amesimama mlangoni pa duka lake mwenyewe kama mteja.

"Sijauona," anasema Hamdani. "Nimetafuta kila mahali. Naapa sijauona."

"Najua," anasema Feruzi. Anatia mkono kwenye mfuko wa koti na kutoa mkasi.

Naacha kusoma. "Mfukoni?" nauliza. "Ulikuwa nao mfukoni?"

Feruzi ananitazama kama anayemtazama mtu aliyeingilia mazungumzo, jambo ambalo ni kweli.

"Tangu Tabora," ananijibu hata hivyo, kisha anamgeukia Hamdani. "Ningerudi bila sababu watu wangesema."

"Na sasa watasemaje?"

"Watasema fundi ni msahaulifu."

Hamdani anauchukua mkasi mkononi mwake, anauweka mezani, mbali na mlango. Halafu analisema lile alilokuja kulisema jukwaani. Nalisoma lote. Sitalirudia hapa, halikuwa langu, mimi nilikuwa mbeba ujumbe tu. Sikulia pia. Macho yalitoka jasho, ofisi za zamani hazikuwa na feni.

"Sasa mimi," anasema daktari.

"Mimi nilitangulia kuachwa," anasema zimwi, mguu wake ukitetemeka.

"Wewe una miguu miwili ya kubadilishia. Mimi nina mlango."

Wananivuta, huyu mkono huu, huyu ule. Kitanda kinasema kwa leo kimetosheka, kinalala chali miguu juu, na mimi naanguka.

Niliamka. Kumekucha. Mwanamvua ameketi ukingoni mwa kitanda changu, kichwa nusu kimesukwa na nusu bado, na kitabu cha Hamdani kiko mapajani mwake.

"Nani kaficha mkasi mfukoni?" aliuliza.

"Mkasi gani?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza wewe. Umelia huku unauliza, mfukoni, ulikuwa nao mfukoni. Mama mwenye nyumba kagonga ukuta. Nimemwambia umeota kuku wamekufa. Kasema pole."

Nilijikusanya. Nikamwambia ndio mwisho wa kitabu wenyewe, nimeshamharibia utamu, anisamehe, mtu aliyekisoma hadi mwisho lazima akiote.

Mwanamvua alikigeuza kitabu. Alikifungua nyuma. Kitabu kilikuwa cha kiwanda cha bei nafuu, na kurasa za mwisho hazikuwa zimekatwa. Zilikuwa zimefungana ukingoni, zimekunjwa kama zilivyotoka mtamboni, karatasi nzima kwa nzima. Hakuna jicho lililowahi kuingia humo. Alizipapasa kwa kidole, akaniangalia, akaenda kuchukua wembe wa kukatia nyuzi.

Alikata mkunjo wa kwanza na kusoma kimya, midomo ikichezacheza. Alipofika chini midomo ilisimama. Akanigeuzia ukurasa na kuweka kucha chini ya mstari: Feruzi akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa mkasi.

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja.

"Huu nimeukata mimi, sasa hivi," alisema Mwanamvua taratibu. "Wewe umeusomea wapi?"

"Nilichungulia pembeni."

Alishika mkunjo uliofuata, wa mwisho kabisa, ambao ulikuwa bado umefungwa. Akaubonyeza ukafanya kijitundu, akanisogezea usoni.

"Haya. Chungulia. Niambie wanafanya nini."

Niliweka jicho. Ndani mlikuwa na giza tupu.

"Wamelala," nikasema.

"Muongo we. Hata huku hukufika."

Alininyang'anya kitabu, akakaa vizuri kando yangu, akaanza kukata polepole, asije akawaamsha.