Mtaro Uliokwepa Kaburi

Maji yaliyobomoa jiko la Bochaberi hayakumwagwa na Mungu. Mungu alimwaga yake kule juu, sokoni Daraja Mbili, juu ya mabati ya watu na lami ya serikali, kama anavyofanya Kisii karibu kila alasiri. Walioyakusanya wakayatia kwenye mtaro wa saruji na kuyaelekeza mlangoni kwa mjane walikuwa binadamu wenye vyeo na vikoti vya kung'aa. Bochaberi alitaka jambo hilo lieleweke vizuri. Kila aliyekuja kumpa pole akisema ni mapenzi ya Mungu alinyamazishwa hapo hapo.

"Mungu hakuweka nyapara hapa," alikuwa akiwaambia. "Msimsingizie."

Mtaro ulipopangwa, miaka miwili iliyopita, ulikuwa upite pembeni mwa kiwanja cha shemeji yake, Ogeto, ushuke moja kwa moja hadi mtoni. Vigingi vilipigwa, kamba ikavutwa. Ogeto, ambaye ni mdogo wa marehemu mumewe Manasseh, alikuwa amejenga nyumba ya kupangisha hapo, ghorofa tatu, na pale penye vigingi alikuwa amepania kuweka maegesho ya wapangaji. Hakubishana na mtu wala hakukanyaga ofisi yoyote. Jumatatu moja watu waliamka wakakuta tuta la udongo mbichi katikati ya vigingi, limezungushiwa mawe, na juu yake msalaba wa mbao wenye maandishi ya rangi nyeusi: ONCHIRI, 1958.

Onchiri alikuwa babu yao, Manasseh na Ogeto. Alizikwa Nyamarambe, ulikotoka ukoo, na Bochaberi alionyeshwa kaburi lake mwaka ule ule alioolewa. Wala si yeye peke yake aliyelijua. Wazee wa ukoo walilijua, na mmoja wao alikuwa amelipalilia akiwa kijana. Lakini vibarua wa mtaro walikuwa vijana wa Kisii na Nyamira waliolelewa wakaleleka, na hakuna hata mmoja aliyekubali kutia jembe kwenye kaburi la watu. Nyapara aliwapandishia sauti wakaweka sururu chini. Mzee aliyeulizwa kama kweli kuna mtu pale alikohoa, akasema yeye hawezi kusema hayupo. Nani alitaka kuwa wa kwanza kutamka kwamba kaburi si kaburi, halafu ng'ombe wake afe wiki hiyo hiyo?

Basi mtaro ukapinda. Ukamkwepa Onchiri ambaye hakuwepo, ukaenda kando hatua arobaini, na ulipofika kwenye ua wa Bochaberi saruji ikaisha. Ukaachwa hapo, mdomo wazi. Siku ya kuuzindua mgeni wa heshima alikata utepe huko juu barabarani, akapigiwa makofi, na Bochaberi akaletewa soda.

Msimu wa kwanza maji yalimchukulia migomba. Msimu wa pili yakaondoka na jiko, masufuria na yote. Masika haya yalianza kula upande wa kulia wa nyumba, na huko ndiko Manasseh alikolazwa, kama mwanamume anavyolazwa kwao. Kila mvua ilipokatika Bochaberi alitoka na fimbo kupima umbali kati ya ukingo wa korongo lililochimbwa na maji hayo na kaburi la mumewe. Hatua sita zikawa nne. Nne zikawa mbili. Manasseh alikuwa Msabato, na mkewe aliamini kama kanisa linavyofundisha, kwamba amelala pale akingoja parapanda. Hakuona sababu ya Bwana kurudi na kuanza kumtafuta mtoni.

Alikwenda ofisi ya mitaro. Huko alipigwa danadana wiki tatu, njoo kesho, mwenye faili hayupo, mpaka akaketi mbele ya msichana mmoja anayeitwa Purity, ambaye angalau aliifungua ramani.

"Mama, kwa plani huu mtaro umefika mtoni," Purity alisema.

"Kwa mguu umefika kwangu."

"Naona. Shida ni hii kaburi. Hatuwezi kugusa maiti bila kibali ya kufukua. Utuletee cheti cha kifo na barua ya familia."

"Cheti cha nani?"

"Cha marehemu."

"Marehemu hayuko pale, mtoto wangu. Ni udongo mtupu."

"Kama hakuna marehemu, sasa kibali itakuwa ya kufukua nani?"

"Hata mimi ndio nakuuliza hivyo."

Purity aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimkera Bochaberi zaidi, kwa sababu kwa mtu mbaya angetukana akatulia. "Mwenye kiwanja aseme kwa mdomo wake kuwa hapo hakuna mtu," Purity alisema. "Aseme mbele ya naibu wa chifu. Hiyo wiki mimi mwenyewe naleta mashine."

Kwa hiyo Bochaberi alimfuata shemeji yake. Alimkuta kibarazani amekunja nne, Biblia mapajani, kwa kuwa Ogeto ni mzee wa kanisa na hupenda ijulikane. Bochaberi alimwomba kwa heshima zote, akamtaja Manasseh aliyemlipia karo mpaka akamaliza shule. Ogeto alimsikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma.

"Shemeji, wacha tu wafu walale," alisema. "Hii mvua imezidi, si wewe peke yako. Nitakutumia magunia ya mchanga."

Bochaberi alirudi kwake akiwa hata njia haoni vizuri. Magunia yalikuja kweli, manne. Alitamani kumrudishia moja moja dirishani.

Siku kumi baadaye mvua ilianza saa nane mchana, ikanyesha kwa saa moja unusu bila kuvuta pumzi. Mtaro ulinguruma. Bochaberi na binti yake Linet, mwalimu huko Ekerenyo aliyekuwa nyumbani likizoni, waliingia kwenye maji mpaka magotini wakipanga mawe, magunia, mlango wa zizi, chochote kilichokuwa karibu. Ukingo ulimeguka mbele ya macho yao. Kwenye ukuta wa udongo mwekundu ikatokea kona ya jeneza na mshikio wake mmoja. Huo mshikio Bochaberi aliuchagua mwenyewe dukani, miaka saba iliyopita.

Linet aliangua kilio. Mama yake hakulia. Hasira ilikuwa imemjaa hata machozi hayakupata pa kupita. Alivua leso yake, akaibandika kwenye ile kona, akaishikilia kwa viganja viwili na kusimama hivyo mpaka mvua ikakatika. Halafu akaomba turubai kwa majirani, akafunika, na kesho yake asubuhi akarudi kwa Purity.

"Nimeleta cheti cha kifo," alisema. "Na barua ya familia."

"Cha yule wa 1958?"

"Cha mume wangu. Nataka kumhamisha."

Kibali kilitoka haraka, maana Manasseh alikuwa amekufa kwa utaratibu: cheti kipo, mihuri ipo, mjane yupo na mtoto yupo. Akiwa nacho mkononi Bochaberi alikwenda kwa naibu wa chifu, Omwenga, kisha kwa wazee wa ukoo mmoja mmoja. Kila mahali alisema sentensi ile ile. Maji yamemfukuza Manasseh, naye anataka kumlaza mahali palipoinuka, kando ya babu yake Onchiri, kwa Ogeto. Wazee walitazamana. Mmoja alificha kicheko ndani ya kofia. Hakuna aliyeweza kupinga, kwa sababu hao hao walikuwa wamekaa kimya miaka miwili Onchiri akiitwa Onchiri.

Tena kila mmoja alijua maana yake. Kwao, mwanamume akishalazwa mahali, hapo ni kwake. Mjane wake ana haki hapo, na watoto wake wana haki hapo, na kesi ya shamba ikifika kwa wazee swali la kwanza ni nani amelala wapi. Ardhi yote ile ilikuwa bado kwa jina la baba wa Manasseh na Ogeto. Ghorofa tatu za Ogeto zilikuwa zimesimama juu ya makubaliano ya mdomo.

Jumapili asubuhi walikuwa pale: Omwenga na daftari lake, wazee, akina mama wa kanisa waliokuja kuimba, Linet, Purity aliyealikwa kwa simu, na vijana watano wenye majembe. Wapangaji walijaa kwenye roshani. Bochaberi alisimama kando ya tuta la Onchiri, akachora mstari kwa kisigino.

"Chimbeni hapa," alisema.

Ogeto alitoka mbio, shati halijafungwa vifungo. "Mnafanya nini kwangu?"

"Tunamleta ndugu yako."

"Hapa si mahali pake, shemeji. Manasseh ako na boma yake."

"Boma yake umeijaza maji. Babu yenu si yuko hapa? Nani atamkataza mjukuu kulala na babu yake? Wewe, mzee wa kanisa?"

"Mzee Ogeto," Omwenga alisema polepole, "mimi naona huyu omong'ina, mama yetu, hana makosa. Kama Onchiri yuko hapa, hii ni makaburi ya familia. Tuambie kama kuna shida."

Ogeto aliwatazama wazee, nao wakatazama viatu vyao. Akainua macho kwenye roshani, akatazama ukuta wa nyumba yake, akatazama ule mstari. Kijana wa kwanza alikuwa ameshatema mate viganjani na kuinua jembe.

"Hapa hakuna mtu," Ogeto alisema.

"Sema kwa nguvu," Bochaberi alimwambia. "Kuna wazee hawasikii vizuri."

"Hapa hakuna mtu."

Omwenga aliandika. Purity alimwomba arudie mara ya tatu ili naye aandike, na Ogeto akarudia. Bochaberi alihesabu kwa vidole. Maneno matatu. Jiko lake, migomba yake, usingizi wake wa miaka miwili na kona ya jeneza la mumewe, vyote vilikuwa vikisubiri mtu mzima aseme maneno matatu. Alidhani angefurahi. Badala yake alitaka kumzaba kofi mbele ya kanisa zima, na akajishika mikono kwa nyuma.

"Basi toeni hilo tuta," Purity aliwaambia vijana. "Mashine inakuja keshokutwa."

Vijana hawakusogea. Kaburi la uongo, mmoja alisema kwa adabu, ni baya kuliko la kweli, na aliyelijenga ndiye wa kulibomoa. Wazee waliafiki, safari hii wote kwa sauti moja. Sasa walikuwa na midomo.

Bochaberi alichukua jembe kwa yule kijana, akamkabidhi shemeji yake. Ogeto alilipokea. Aling'oa msalaba, akaulaza chini maandishi yakiwa yameelekea udongo, akaanza kuparua tuta huku viatu vyake vizuri vikizama. Akina mama walisahau kuimba. Alipofika nusu, jasho likimtiririka, alisimama akaegemea mpini.

"Nisamehe, shemeji," alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Ibilisi alinipitia."

Bochaberi aliugeukia mdomo wa mtaro kule kando ya ua wake, na lile turubai la bluu chini yake. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya Daraja Mbili, kama kila siku.

"Chimba," alimwambia.