Magimbi Kwenye Matete

Jirani yetu wa bondeni, Modesta, aliacha kupiga hodi kwangu tangu masika. Sikumlaumu. Karo la choo chetu hapa Bigwa lilifurika kila mvua ya milimani iliposhuka, na maji yake yalikwenda moja kwa moja kwenye matuta yake ya mchicha. Akashtaki. Bwana afya alikuja, akaziba pua, akanipa miezi mitatu: maji yasipotakata, anafunga choo. Nami nina Pazi, mtoto wa miezi saba, na mume wangu Abdulmajid anauza mitumba Dumila tangu kiwanda alichofanyia kazi kilipobinafsishwa. Choo kifungwe, twende wapi?

Jibu nililikuta kwenye darasa la jioni la watu wazima ninalosoma. Mwalimu Stefano alichora ubaoni shimo refu, la kina cha paja, limetandikwa nailoni na kujazwa kokoto, juu yake matete. Maji ya karo yapite taratibu chini ya kokoto, alisema, na mizizi itayasafisha. Nilinakili mchoro huku namnyonyesha mtoto. Abdulmajid alichimba siku zake za mapumziko, akinicheka kwamba nimekwenda shule kusomea choo.

Mwezi wa tatu wa muda ule matete yalinifika kiunoni, na maji yaliyotoka kwenye bomba la mwisho yalikuwa na rangi ya chai nyepesi ya mgonjwa. Bwana afya angekuja Jumatatu.

Jumamosi mama mkwe, Bi Mwaisha, alishuka kutoka Kinole, milimani kwa Waluguru, na kikapu cha mananasi na miche ya magimbi. Nikamwachia Pazi, nikaenda darasani. Niliporudi, matete yote yalikuwa yamelala uani kama kuni, na juu ya kokoto miche ya magimbi imesimama kwa mstari.

Mama alikuwa ananawa mikono, ameridhika. Kwao, mke anayeacha matete yaote nyuma ya nyumba husemwa hadi kisimani; alikuwa ameniokoa na aibu.

"Mwenye mtoto mchanga hawezi kupalilia, mwanangu, hilo nalijua," alisema. "Na penye maji ni pa magimbi."

Niliketi kizingitini, machozi yakinilenga. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha mchoro, mstari kwa mstari. Akaufuata kwa kidole hadi bomba la mwisho.

"Kwa hiyo nimepalilia dawa?"

"Umepalilia dawa, mama."

Akacheka mpaka kanga ikamdondoka mabegani, nami nikajikuta nacheka. Kisha akaniambia nilale: alikuwa amepambana na matete shambani miaka arobaini, na hayajawahi kufa kwa jembe.

Jumatatu bwana afya alikuja na Modesta, mlalamikaji. Alitazama magimbi yaliyonyauka, akatazama mchoro wangu, akasema kilichochorwa na kilichopo ni vitu viwili. Kabla sijafumbua mdomo, mama mkwe alichutama akatenganisha kokoto kwa vidole. Chini, kwenye vishina, vichipukizi vilishaanza kuchomoza.

"Nimekata nywele tu, baba," alimwambia. "Kichwa kipo."

Bwana afya alikinga maji kwenye glasi, akayainua juani. Kisha akampa Modesta, maana pua iliyoshtaki ndiyo ingeamua. Modesta alinusa. Akanusa tena. Pazi mgongoni mwangu alikuwa akivuta sikio langu, na sikuthubutu kumwondoa mkono.

"Matope," akasema hatimaye. "Yananuka matope tu, kama mto."

Bwana afya akaandika kwamba choo kiendelee. Akatuonya: maji yale yaende kwenye migomba, si kwenye mchicha, na magimbi yale asiyale mtu.

"Nani ayale?" mama mkwe akauliza. "Hayo ni ya kazi, si ya chungu."

Modesta akasema Mluguru hawezi kuona maji akayaacha bila gimbi. Mama akamjibu kuwa pua yake ingefaa kuajiriwa wilayani.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nachemsha uji wa mtoto, nilisikia hodi kutoka upande wa bondeni.