Mnadi Aliyeonja Kwanza

Siku ya soko, Dadi alisimama juu ya sanduku la sabuni mbele ya banda la Bi Mwaisha, mjini Morogoro, akinadi asali tangu jua lilipochomoza, na hakuna aliyenunua. Alikuwa kijana mrefu mwenye mapafu mazuri. Aliiita asali ile malkia wa asali zote, dawa ya kifua, ya tumbo na ya ndoa, asali ambayo masultani walikuwa wakiilamba hata wakasahau njia ya kurudi kwao. Watu walipita na vikapu vyao. Mbuzi wa jirani alisimama kidogo kumsikiliza, kisha naye akaondoka.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi la Wadachi lifike Morogoro, na mji ulikuwa umejaa wageni wenye haja ya kila kitu. Wauza chumvi walikuwa wakimaliza mzigo kabla ya adhuhuri. Bi Mwaisha, mjane wa makamo aliyeuza asali na tumbaku, alikuwa akirudi nyumbani na vibuyu vilevile alivyokuja navyo.

"Dadi," alimwambia siku ile wakifunga banda, "sauti yako inafika hadi stesheni. Asali yangu haifiki hata pale kwa muuza chumvi."

"Kesho nitapaza zaidi, Bi Mwaisha."

"Usipaze. Nenda Kinole kwa mzee Benedikto ukaone inakotoka. Ukirudi vilevile ulivyo, nitatafuta mnadi mwingine, na tusilaumiane."

Dadi aliona haya, kwa kuwa kazi ile aliipenda na alijua haiwezi. Alifunga vitumbua katika nguo, akapita Kiroka, akapanda milima ya Uluguru kutwa nzima, na jioni akafika kwa mzee Benedikto. Huyu alikuwa Mluguru wa misheni, mfupi, mpole, mwenye mizinga iliyotundikwa kwenye miti juu ya mto na rozari shingoni aliyosema nyuki wanaiheshimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeisema asali yangu huko chini?"

"Ndimi."

"Unaisemaje?"

Dadi akatoa maneno yake ya malkia na masultani. Mzee Benedikto alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Umewahi kuilamba?"

"Hapana, mzee. Ni mali ya watu."

Basi mzee akamkalisha, akamkatia sega. Asubuhi akampandisha mtini, nyuki wakamuuma sikio na mdomo, na akaonyeshwa maua wanakokwenda: ya mgomba kwanza, kisha yale meupe ya msituni yanayotoa harufu mvua ikikatika. Dadi alikaa huko mpaka uvimbe ukaisha. Alionja asali ya kiangazi na ya masika, akauliza maswali mengi, na mzee, ambaye hakuwa amezoea kuulizwa, alijibu yote na mengine akayarudia.

Aliporudi sokoni hakupaza sauti. Alisema tu, "Asali ya Kinole. Ya baada ya mvua." Watu waliokuwa karibu wakaanza kulamba midomo. Ladha iliwajia ulimini, nzito, yenye harufu ya maua meupe, na waliokuwa mbali kidogo waliipata hafifu wakasogea. Mwanamke mmoja alimfuta mtoto wake kidevu.

"Tamu," walikubaliana. Dadi akaendelea kueleza mizinga, mto, nyuki, sega linavyopasuka mdomoni. Watu walikula maneno yale mpaka wakashiba, wakamshukuru, wakaenda zao wakijisugua matumbo.

Bi Mwaisha alitazama vibuyu vyake vilivyojaa.

"Umeendelea," alisema. "Lakini unawashibisha bure. Siku nyingine ishia njiani."

Hilo nalo alijifunza. Siku ya soko iliyofuata alisema, "Asali ya Kinole, ya baada ya..." akanyamaza, akajishughulisha na kamba ya kiatu. Ladha iliwafikia watu hadi ncha ya ulimi ikakoma hapo. Vibuyu viliisha kabla jua halijapanda. Akaendelea kujifunza. Alijua kumtazama mtu kwanza kabla ya kufungua kinywa: mwenye kikohozi alimwonjesha asali ya moto yenye ndimu, bibi arusi akamwonjesha ile iliyomiminwa juu ya mkate wa mofa. Wauza chumvi walimlalamikia akida kwamba wateja wao hawasikii tena ladha ya chumvi, na akida akaamua kwamba Dadi anadi asubuhi na wao wanadi jioni. Bi Mwaisha alimshonea kanzu mpya. Kuhusu kutafuta mnadi mwingine hakusema tena.

Habari zake zikamfikia Mdachi mmoja aliyeitwa Bwana Miwani, kwa sababu ya miwani yake. Alikuwa na mgodi wa ulanga katika mlima wa nyuma ya Kiroka, lile jiwe linalobanduka karatasi karatasi na kung'aa kama kioo. Ulanga ulikuwa mwingi. Watu wa kuuchimba hawakuja kwa hiari yao, na Bwana Miwani hakuelewa kwa nini.

"Wewe unauza vizuri," alimwambia Dadi. "Uza mgodi wangu. Watu waje wenyewe, wakicheka."

"Sinadi nisichokionja, bwana."

Bwana Miwani aliliona jambo hilo kuwa la haki. Alimpeleka mgodini, akawaagiza manyapara wamwonjeshe kila kitu bila kupunguza. Dadi alikula uji wa unga ulioota ukungu. Alilala katika kibanda kisicho na ukuta upande wa mvua. Alibeba mawe kuteremka mlima, na alipoteleza nyapara alimlaza chini akampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, idadi ileile waliyopigwa wengine. Nyapara hakuwa na chuki. Alimwomba radhi kabla na kumsaidia kuinuka baadaye. Dadi aliuliza maswali yake kama kawaida, na wachimbaji walijibu, ila wachache ambao kikohozi kiliwakatiza.

Siku ya soko akasimama juu ya sanduku, Bwana Miwani kando yake kwenye kiti, askari wawili nyuma. Watu walikuja wengi, wengine wamebeba vikombe vitupu, kwa kutojua mnada wa siku ile ni wa nini.

"Mgodi wa ulanga," alisema Dadi. "Alfajiri."

Vinywa vyote vikajaa ukungu. Miguu ikalowa. Dadi alikwenda mpaka adhuhuri, na migongo ya watu ikainama; wanawake wakashusha vikapu ambavyo havikuwa na kitu. Alipofika kwenye kuteleza, soko zima likalia "Yallah!" kwa sauti moja, na Bwana Miwani akaruka kutoka kitini akiwa ameshika makalio. Askari wawili nao walishika yao, lakini walibaki wamesimama wima kama walivyofundishwa.

Hakuna aliyejitokeza kuomba kazi. Soko likawa tupu, hata wauza chumvi waliondoka.

Bwana Miwani alipanda farasi wake polepole, akasimama kwenye vikuku vya tandiko asilikalie.

"Umefanya kazi yako vizuri," alimwambia Dadi kwa dhati. "Sikosi la kukusifia. Nitapata watu kwa njia ya zamani."

Wiki ileile askari walipanda Kinole na kamba, wakateremka na wanaume waliowakuta majumbani. Mzee Benedikto alikuwa miongoni mwao. Yeye walimkuta juu ya mti, wakamngoja amalize, kwa kuwa waliogopa nyuki.

Dadi alikaa banda la Bi Mwaisha kutwa bila kunadi chochote. Alipotaka kuzungumza machozi yalimtangulia, na wapita njia wakaonja chumvi, wakadhani ni jioni.

"Nilidhani nikisema kweli yataisha," alisema mwishowe.

Bi Mwaisha alikuwa ameshaanza kuchinja kuku.

"Mzee Benedikto anapenda nini?" aliuliza.

"Wali. Na mchuzi wa kuku wenye bizari."

"Basi kaa ule. Kula vizuri, usikie ladha."

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, wakapanda wote wawili hadi kijito kilicho chini ya mgodi. Askari wa lindo aliwakataza kupita, nao hawakupita. Dadi akaosha uso, akaelekea mlimani, akanadi wali na mchuzi wa kuku. Safari hii hakuishia njiani. Alinadi hadi ukoko wa sufuria, hadi mfupa unaofyonzwa, hadi maji ya kunawa. Juu kule sululu zikanyamaza moja baada ya nyingine. Wachimbaji waliketi chini, wakatafuna, wakacheua. Askari wa lindo alilegeza mkanda. Kisha wote wakalala usingizi wa walioshiba, manyapara na Bwana Miwani pia, huyu kitini pake akiwa amefungua kinywa, na mgodi ukakoroma mpaka alasiri.

Tangu hapo kila Ijumaa ikawa hivyo. Bi Mwaisha alibadilisha vyakula ili wasikinai: mara kunde za nazi, mara ndizi na nyama, na sikukuu biriani. Wachimbaji walituma maombi kupitia kwa askari, na askari aliongeza la kwake mwishoni. Mzee Benedikto alinenepa kidogo mashavuni. Bwana Miwani alipoona kazi inalala Ijumaa, hakugomba. Aliifanya Jumapili kuwa siku ya kazi. Mzee Benedikto, ambaye alikuwa mtu wa misa, alizoea kusali huku amebeba mawe, akisema Mungu alibeba mazito zaidi.

Siku moja Bwana Miwani aliteremka peke yake hadi kijitoni. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate mweusi, mgumu kama kwato.

"Mama yangu aliuoka," alisema. "Ukija na meli unafika hivi. Unaweza?"

Dadi aliupokea, akauguguna kwa shida.

"Alisimama wapi alipokuwa akiuoka?"

Bwana Miwani akaketi juu ya jiwe. Alieleza jiko la vigae, dirisha lenye theluji, siagi ya baridi juu ya mkate wa moto, na mama anayekataza kuukata kabla haujapoa kisha anaukata mwenyewe. Alieleza muda mrefu. Bi Mwaisha alimpa maji ya kunywa.

Ijumaa iliyofuata Dadi aliunadi mkate ule. Mlima wote ukaula. Wachimbaji walisema una uchachu lakini unakaa tumboni, na mmoja akaomba siagi zaidi. Bwana Miwani alikuja ukingoni akiwa anatafuna, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akashindwa kuivaa tena.

"Ndio huohuo," aliita kutoka juu. "Asante sana."

Wakiteremka kurudi mjini Bi Mwaisha aliuliza, "Amelia?"

"Amelia."

"Basi atawaachia."

"Nadhani atawaachia," alisema Dadi, na kwa mara ya kwanza tangu mzee achukuliwe alinadi asali ovyo tu njiani, kwa furaha, hata watu wa Kiroka wakatoka nje na vidole vyao midomoni.

Jumatatu Bwana Miwani, ambaye alikuwa amelala vizuri na kuamka na nguvu mpya, alituma askari Kinole wakalete watu wengine.

Wapya walifika jioni, wamelowa, kamba bado mikononi. Mzee Benedikto aliwapokea kama mwenyeji. Aliwaonyesha kibanda na upande wake usiovuja sana, akawaonyesha maji yalipo, na nyapara yupi wa kumwepuka. Kisha akawapeleka hadi kwenye mwamba mmoja mpana ukingoni mwa mlima.

"Ijumaa mkae hapa," aliwaambia. "Kule nyuma mtapata wali peke yake. Upepo wa hapa unaleta na mchuzi."