Kamba ya Kumvisha Bibi

Bibi yetu hana macho wala mdomo. Ni jiwe lililosimamishwa mlangoni mwa kijiji na watu ambao hata majina yao hatuyajui, na kila mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka tunamvisha nguo mpya. Wakati wa joto alikuja profesa mmoja kumpima, akaniambia nchi za mbali nako yapo mawe kama haya, mengine marefu kuliko nyumba. Nikamuuliza huko huvishwa na nani. Akasema hayavishwi. Niliyaonea huruma, nikamkatia tikiti maji akala akaenda zake.

Nguo ya Bibi ni kamba nene ya mabua ya mpunga, tunaisuka wenyewe. Kabla ya kumzungushia, tunaivuta: wanawake huku, wanaume kule. Wanawake wakishinda, mpunga unastawi. Wakishindwa, mwaka umeharibika. Kwa hiyo wanawake hatujawahi kushindwa, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa inauma. Tangu niolewe hapa, kila mwaka tukimaliza kuvuta, mume wangu Pan-sul hujipangusa pua na kusema, "Tumewaachia." Nimelima bonde hili, nimewauguza wakwe mpaka nikawazika, halafu ushindi wangu uwe wa kupewa kama peremende.

Mwaka huu, kamba ilipokwisha kusukwa, nilimwambia mume wangu mbele ya watu wote.

"Baba Gyu-seok, leo msituachie. Vuteni kweli."

Akacheka. "Na mkishindwa? Mpunga ukikauka tutakula hayo maneno yako?"

"Tukishindwa nitasimama mbele ya Bibi nimwambie kosa ni langu."

Kicheko kikakatika. Jeom-rye, mkubwa wetu sisi wanawake, ambaye hushika kamba mbele kabisa, alinigeukia. "Wewe Mama Gyu-seok, umerogwa? Wenzio tuna mashamba."

"Najua, dada. Na mimi ninalo."

Alinitazama, kisha akawatazama wanaume, akatemea viganja mate. "Haya. Kwanza huyo mumeo hata kifuniko cha chupa anafunguliwa na wewe."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Wanaume hawakucheka. Waliwaita watoto wao waliokuja kutoka Seoul, wakavua makoti, wakajipanga.

Upatu ulipolia, kamba ilikwenda kwao. Visigino vyangu vilichimba matope na bado nilikuwa naburutwa. Nasema kweli, niliogopa. Niliuona mpunga wa bonde zima umegeuka majani makavu, na kila mwenye shamba ananinyooshea kidole.

"Mnasimama wima mnamngoja nani?" Jeom-rye alifoka. "Inameni. Pandeni mpunga."

Tukainama. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mara ya pili. Mpunga hupandwa kwa kurudi nyuma, mgongo umepinda, miguu imezama kwenye tope, na sisi ndiyo kazi tuliyoifanya tangu tukiwa mabinti. Mmoja akaanzisha wimbo wa kupandia, wote tukaupokea, na kwa kila pigo la wimbo tukarudi hatua. Kamba ikasita. Kisha ikaanza kuja. Vijana wa Seoul waliteleza na viatu vyao vyeupe, mmoja akakalia matope, na wazee wao nyuma wakaja wakipiga kelele mpaka mstari wa katikati uliochorwa chini ukapita chini ya miguu yao.

Tulimvisha Bibi tukiwa tumechafuka hadi nyusi. Sijawahi kumwona amependeza vile. Kila mtu alishika kipande cha kamba isipokuwa Pan-sul, aliyejitenga pembeni mikono mfukoni.

Nikamfuata. "Njoo ushike na wewe."

"Shikeni tu."

"Lete mkono."

"Mama Gyu-seok, niache."

Nikauchomoa mkono mfukoni. Kiganja kilikuwa kimechunika kuanzia vidoleni, damu imegandana na vipande vya mabua. Nikauchomoa wa pili, nao vilevile. Akatazama chini.

Nilitaka kumcheka, machozi yakanitoka. Nikamshika vifundo vya mikono nikampitisha kwa wanawake wote waliokuwa wakizungusha kamba, mmoja baada ya mwingine, wajionee wenyewe viganja vile. Wala hakuivuta mikono yake.