Mama Yangu Cherehani

Watoto wa darasa la tano walimwita mwalimu wao wa Kiswahili Redio, kwa sababu hazimwi. Akisahihisha madaftari, anaimba. Akitafuta chaki ambayo iko mkononi mwake mwenyewe, anaimba. Jina hilo alilijua na lilimfurahisha, ila alijifanya hajalisikia, maana ualimu nao una heshima yake.

Kilichomkosesha raha ni mashairi. Watoto walikariri kama kasuku: tashbihi ni nini, sitiari ni nini, tashihisi ni nini. Uliza mfano mmoja ambao haumo kitabuni, darasa zima linatazama dari. Basi asubuhi moja akakifunga kitabu, akaandika ubaoni mstari wa wimbo uliokuwa ukipigwa katika kila kibanda cha kinyozi na kila duka la mtaa ule: *Umeniacha kama sahani ya jana.*

Darasa likaangua kicheko.

"Haya, sahani ya jana ina nini?"

"Inanuka, mwalimu," akasema mmoja wa nyuma.

"Inangoja," akasema binti wa fundi cherehani, mtoto ambaye sauti yake ilikuwa haijasikika tangu shule ifunguliwe. "Inangoja mtu aje aioshe."

Redio akageukia ubao ili wasimwone anavyotabasamu.

Tangu hapo kipindi cha mashairi kikawa kitamu kuliko mapumziko. Watoto walileta nyimbo za redioni, za harusini, za dada zao wanaofua, wakazifumua mstari kwa mstari. Waling'amua kwamba ukisema mpenzi ni kama mwavuli, hiyo ni tashbihi. Ukilitupa lile "kama" ukamfanya mwavuli moja kwa moja, hiyo ni sitiari. Na mwavuli wenyewe ukianza kununa kwa wivu, basi hiyo ni tashihisi, na hakuna aliyehitaji kukariri kitu.

Redio akanogewa, na mtu akinogewa ndipo anapokosea. Akawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja amtungie wimbo mtu wa nyumbani kwake, kisha amwimbie wakati wa chakula. Nyimbo zote walizosoma zilikuwa za mapenzi, kwa hiyo alidhani watoto watasifu tu. Alisahau kwamba mtoto husema alichokiona.

Kesho yake mkuu wa shule akamwita ofisini. Watoto walimpa mkuu huyo jina la Bwana Kengele, kwa kuwa kengele ya shule aliigonga mwenyewe, saa kiganjani, na tangu waijue shule ile, kengele haijawahi kuchelewa.

"Mwalimu, wazazi wanasema watoto wanawatukana kwa nyimbo. Alhamisi watakuja darasani wakati wa kipindi chako. Wasiporidhika, kuanzia Jumatatu kipindi cha mashairi naipa hisabati."

"Mkuu, hawakutukana. Wametumia sitiari."

"Hayo utawaeleza wao."

Siku hiyo hakuimba. Watoto wakanong'onezana kwamba Redio imeisha betri. Kuchukuliwa kipindi kulimuuma, maana ndicho pekee ambacho binti wa fundi alikuwa akikifungulia kinywa. Ila kilichomnyima raha zaidi ni wimbo wa binti huyo huyo. Alikuwa ameusikia asubuhi darasani, na akajiuliza mama mtu ameupokeaje.

Alhamisi wazazi wakajibana kwenye madawati, magoti yakigusa videvu. Bwana Kengele akasimama mlangoni, saa kiganjani.

Wa kwanza kuinuka alikuwa dereva wa lori, mtu wa kifua kipana. "Mwalimu, mimi nimeitwa mvua ya kiangazi. Mbele ya shemeji zangu. Maana yake mimi baba jina tu, sionekani nyumbani."

Redio alitamani kumjibu, akajizuia. Akamgeukia mtoto wa dereva. "Mwambie baba ubeti wote, siyo mstari mmoja."

Mtoto akasimama, akakazia macho vidole vyake vya miguu, akasema kwamba mvua ya kiangazi haiji mara nyingi, ni kweli, lakini ikija hakuna anayebaki ndani. Wote wanatoka uani wanaruka, hata mama.

Dereva akakohoa. "Hiyo ya kuruka hukuifikisha."

"Ulininyamazisha kabla sijafika, baba."

Bibi mmoja wa dawati la mbele akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Wewe baba una nafuu. Mimi mjukuu wangu kaniita gazeti la bure, linatoka kila asubuhi na mtaa mzima unalisoma. Sikuja kushtaki. Nimekuja kusikia na wenzangu wameitwaje, nikasimulie." Wazazi wakacheka, na dereva naye akajikuta anacheka.

Kisha akasimama fundi cherehani, na kicheko kikapungua. Alikuwa mwanamke mkimya, na nusu ya sare zilizokuwamo darasani mle zilipita mikononi mwake.

"Wangu ameniimbia hivi," akasema fundi, akaukariri bila kuimba:

*Mama yangu cherehani,*
*kutwa nzima yu mbioni,*
*jua lazama mjini,*
*angali papo kitini.*

Binti yake aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati.

"Nilikuwa nimeshika pindo la sketi, chakula kando," fundi akaendelea. "Mguu ukasimama wenyewe juu ya pedali. Miaka yote hii watu wananiuliza nguo itakuwa tayari lini. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nimefika wapi. Nikalia, sifichi."

"Nisamehe, mama," akasema Redio. "Kosa ni langu."

"Kosa gani tena, mwalimu? Nimekuja kwa sababu wimbo haujaisha. Mtu akikuimbia, unamjibu." Akamtazama binti yake, akakohoa kidogo, na mara hii akaimba, kwa sauti nyembamba iliyokuwa haijatumika siku nyingi:

*Wewe uzi sindanoni,*
*pita, nibaki kitini;*
*nguo yende ugenini,*
*nami nimo safarini.*

Binti akainua kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anatabasamu, yote kwa pamoja, wala hakujali nani anamwona.

"Mwalimu," akasema, na safari hii hata wa nyuma walimsikia, "mama ametumia sitiari."

Ndipo darasa likalipuka. Bibi alipiga vigelegele, watoto wakagonga madawati, dereva akamwambia mwanawe aanze upya tangu mstari wa kwanza. Redio alicheka huku akijifuta macho kwa vidole vyenye vumbi la chaki.

Alipokumbuka kutazama mlangoni, kipindi kilikuwa kimeshapita na kengele haijagongwa. Bwana Kengele alikuwa bado amesimama palepale. Aliitazama saa yake, akaitia mfukoni, akaingia na kujibana kwenye dawati kando ya fundi.

"Mama," akamwambia, "hebu rudia hapo kwenye uzi."